Ukavu Ambao Hatukusimuliwa (Sehemu ya 6)

Nimetoka zamu ya usiku asubuhi, nimelala kidogo, nimefua, sasa nimekaa na chai ya tangawizi ya Kasulu (walioinywa wanajua ninachosema) naendelea pale nilipoishia.

Sehemu ya 5 mlicheka sana ile habari ya mbuzi aliyeng'ang'ania mizani ya watoto. Lakini kuna dada mmoja, naye ni muuguzi, aliniandikia pembeni swali ambalo limenikalia wiki nzima. Aliuliza: "Sista, muda wote huo unahudumu huko, wewe mwenyewe na Mungu wako mlikuwaje?" Siku ile sikumjibu. Namjibu leo mbele yenu, maana nadhani wengi tunaohudumu mbali na kwetu tunalo jibu hilohilo mfukoni na hatulitoi.

Jibu ni kwamba nilikuwa mkavu. Miezi minane hivi.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe, muuguzi wa stashahada, nilipangiwa kazi wilaya ya Kasulu. Siku zangu za mapumziko, Jumamosi mbili kwa mwezi, nilikuwa nakwenda Kagerankanda na kikundi cha kanisa letu. Asubuhi tunapima watoto uzito, tunapima presha na malaria, tunafundisha akina mama lishe. Mchana tunafanya ibada fupi chini ya mwembe. Kagerankanda wengine mnaijua kwa habari za mashamba na ule mvutano wa msitu wa hifadhi. Mimi naijua kwa vumbi jekundu kiangazi na matope masika, na kwa watu waliotoka kila upande: Waha wenyewe, Wasukuma na ng'ombe wao, Warundi wanaokuja kutafuta kibarua cha shamba. Kijiji kimoja, lugha tatu nne, na mimi nikiwa na Kiswahili changu cha Mbeya na Kinyakyusa ambacho hakimsaidii mtu yeyote pale.

Sasa huo ukavu ulikuwaje? Sikuacha kuomba. Niliamka saa kumi na moja kama nilivyofundishwa na mama, nikapiga magoti, nikasema maneno, maneno yakaishia kwenye bati. Nilisoma Biblia kama mtu anavyosoma maelekezo kwenye kopo la dawa. Nikihubiri watu waliitikia Amina, mimi mwenyewe hainigusi. Na yote hayo huku huduma inakwenda vizuri! Wagonjwa wanapona, watoto wanaongezeka uzito, picha tunatuma makao makuu, watu wanaandika "Mungu awabariki watumishi". Hapo ndo pagumu. Ingekuwa huduma imekufa, ungejua la kufanya.

Kuna kitu kinaitwa kuhubiri kwa mkalimani ambacho chuoni hatukufundishwa na kanisani pia hatukufundishwa. Unasema sentensi ndefu, umeipika usiku kucha, mkalimani anatoa maneno matano ya Kiha, watu wanatikisa kichwa. Unasema sentensi fupi, mkalimani anaongea dakika mbili na watu wanacheka. Wamecheka nini? Hujui. Unamaliza siku ukiwa umezungumza na watu 100 na hakuna hata mmoja uliyezungumza naye. Baada ya miezi kadhaa unaanza kusikia hivyohivyo hata ukiwa peke yako na Mungu, kama vile katikati yenu amekaa mkalimani anayefupisha.

Halafu kuna salamu. Mha hasalimii mbiombio. Anainama, anapiga makofi taratibu, mwakeye, anauliza ulivyolala, nyumbani, watoto, shamba, na wewe unajibu kila kimoja kwa utaratibu wake. Sisi Wanyakyusa nasi tuna heshima zetu, "ugonile" haisemwi ukiwa unakimbia, lakini Kagerankanda nilikuta kiwango kingine. Na mimi nina foleni ya watoto 80 na jua linapanda. Kila kofi la salamu lilikuwa linanipigia saa kichwani.

Nilikulia kwenye hadithi za wamisionari. Kwetu Rungwe Wamoravian walifika mwaka 1891, kwa hiyo Shule ya Jumapili tulizijua safari zao kuliko tulivyojua safari za Waisraeli. Na huku Kigoma ziko zaidi. Watu wa London Missionary Society walifika Ujiji Agosti 1878, mmoja wao, Thomson, akafa mwezi uliofuata. Dodgshun akafika mwaka 1879, naye akafa ndani ya siku chache. Hadithi tulizosimuliwa zilikuwa za namna hiyo: homa, mizigo kuibwa, simba, kaburi. Mtoto wa Shule ya Jumapili anatoka pale akijua kwamba hatari ya umisheni ni kufa. Hakuna aliyetuambia unaweza kuwa mzima wa afya, malaria huna, nyumba unayo, mshahara unaingia, na ndani umekauka kama mto wa Oktoba.

Aliyenifungulia mlango ni mzee mmoja mwinjilisti, mtu wa mkutano wa ndugu wa uamsho, wale wa zamani wanaokaa kwenye benchi na kuelezana ukweli bila kupakana mafuta. Alikuwa mgonjwa wetu wa presha. Siku moja ananisubirisha nimalize foleni, halafu ananiambia, "Binti, unafanya kazi kama mtu anayelipa deni." Nikanyamaza. Ndipo akanisimulia habari za Gahini.

Gahini iko mashariki mwa Rwanda, kando ya ziwa Muhazi. Kutoka hapa Kasulu unapanda Kibondo, Kakonko, unashika njia ya Ngara, unavuka Rusumo. Kwa hiyo si mbali kihivyo. Miaka ya 1920 wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza walianzisha hospitali pale. Daktari Joe Church alifika mwaka 1928 akakuta njaa kali imeanza, watu wanakufa njiani. Alifanya kazi mpaka akaisha. Septemba 1929 akaenda Kampala kupumzika, na pale kilima cha Namirembe, nje ya kanisa kuu, akakutana na Mganda mmoja amesimama karibu na pikipiki yake, Simeoni Nsibambi, ambaye naye alikuwa mtu wa idara ya afya. Wakakaa siku mbili na Biblia. Historia ya uamsho wa Afrika Mashariki watu wengi huianzia hapo, kwa mtumishi aliyechoka na mtu wa afya wa kabila lingine.

Lakini mzee hakutaka kunisimulia habari za daktari. Alitaka nimjue Yosiya Kinuka.

Kinuka alikuwa mhudumu mkuu wa hospitali pale Gahini. Ni sisi kabisa. Anafunga vidonda, anagawa dawa, anasimamia wenzake. Na hakuwa Mnyarwanda, alitoka Ankole, Uganda. Yaani tunapotaja wamisionari wa Gahini tunawaona Wazungu tu, tunasahau kwamba Kinuka naye alikuwa ugenini, na Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliyekwenda pale kufundisha shule, naye alikuwa Mganda ugenini. Umisheni wa Mwafrika kwa Mwafrika una miaka mingi kuliko tunavyodhani, na una uchungu wake, maana hakuna anayekuonea huruma. Mzungu akikosea salamu watu wanacheka. Wewe ukikosea wanakuona una dharau.

Kinuka akawa amejaa uchungu. Hospitali haiendi, wafanyakazi hawaelewani na wakubwa, moyo umeshaondoka mwili ndo umebaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 akafika Kampala kwa Nsibambi. Nsibambi akamwuliza habari za hospitali. Kinuka akamwaga yote. Nyie mnajua muuguzi akianza kumwaga habari za hospitali, hamalizi leo. Nsibambi akasikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia kwamba shida ya Gahini imo ndani ya moyo wake yeye Kinuka, ni dhambi yake. Kinuka alikasirika, lakini njiani kurudi maneno yale hayakumwacha, na aliyefika Gahini alikuwa mtu mwingine. Hospitali ikaanza kubadilika kuanzia kwa mhudumu, si kwa daktari. Baadaye Kinuka akawa mchungaji.

Mzee akamaliza, akavaa kofia, akaondoka na dawa zake. Mimi nikabaki nimekasirika kama Kinuka.

Na hapa naomba mnivumilie, maana nina ugomvi na hadithi hii, au tuseme na namna inavyotumiwa. Nina mwenzangu, muuguzi, likizo hajapata miaka miwili, alipoa kiroho kama mimi. Kiongozi mmoja wa maombi akamwambia ana roho ya uvivu, afunge siku tatu. Akafunga. Siku ya tatu akaanguka wodini. Tulipompima damu ilikuwa 6. Sita! Mtu anatembea, anahudumia wagonjwa 40, anakemewa kwa kukosa furaha ya wokovu, kumbe hana damu. Tangu siku hiyo mtu akiniambia "umepoa, chunguza moyo wako," namwambia tuanze na kidole, nitoboe tone moja la damu kwanza.

Hata Gahini yenyewe inanipa ushahidi. Joe Church alipofika Namirembe alikuwa ametoka kwenye njaa. Huyo hakuhitaji kukaripiwa, alihitaji kulala na kula na mtu wa kukaa naye. Na Blasio Kigozi, yule mwalimu aliyekuwa anawaka kuliko wote, alikufa Januari 1936 Kampala kwa homa ya papasi. Wauguzi wa huku tunaijua: papasi anajificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo, anauma usiku, homa inapanda siku kadhaa, inashuka mtu anadhani amepona, kisha inarudi. Kijana aliyejaa Roho, akafa kwa mdudu wa kwenye ufa. Mwili ni mwili. Anayetenganisha huduma na mwili hajawahi kushika zamu.

Na nyingine nzito zaidi. Watu wa uamsho walifurahi sana kwamba kwenye mikutano yao Mhutu, Mtutsi, Mganda na Mzungu walikaa benchi moja. Ilikuwa kweli, na si jambo dogo. Lakini ni Rwanda hiyohiyo iliyofika Aprili 1994, na mwisho wa mwezi ule watu zaidi ya 200,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Nimewahi kuwauguza wazee waliokimbia mambo ya namna hiyo upande wa Burundi na Kongo, kambi ya Nyarugusu tangu 1996 iko hapahapa wilayani kwetu. Kwa hiyo sizungumzii uamsho kama chanjo ya kuchoma mara moja ukamaliza.

Basi kwa sababu zote hizo niliandika barua ya kuomba uhamisho. Rungwe, Kyela, Busokelo, popote nitakaposalimia kwa lugha yangu. Niliiandika vizuri, nikaweka na sababu ya mama kuumwa miguu, ambayo ni kweli. Nikaiweka kwenye droo nisubiri mwisho wa mwezi.

Jumamosi iliyofuata mvua ilinyesha Kagerankanda kama inagombana na mtu. Gari likashindwa kutoka, tukalala. Usiku saa saba akaletwa mtoto wa miaka mitatu, degedege, mwili unachoma, macho yamepinduka. Kipimo cha malaria kikasoma pale pale. Tukafanya yote tuliyoweza na vilivyokuwepo: sindano ya malaria, ya degedege, sukari kwenye mshipa, kupooza mwili, na kupiga simu huku na kule kutafuta gari lenye uwezo wa kupita kwenye yale matope. Gari lilipatikana saa tisa na nusu. Mtoto alifariki saa kumi.

Wenye kazi hii mnajua, tunazoea na hatuzoei. Mama yake alikuwa binti mdogo, kama miaka 20. Mimi ndiye "mtumishi" pale, macho yote kwangu, natakiwa niombe. Nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Yaani sikuwa na sala hata ya kuazima.

Wanawake wakaanza kuingia mmojammoja kwenye ile mvua, wakakaa kwenye mkeka. Hakuna aliyehubiri. Hakuna aliyesema Bwana alitoa. Kila aliyeingia alishuka chini, akamsalimia yule binti kwa utaratibu uleule, makofi ya polepole ambayo mimi nilikuwa nayahesabu kama kupoteza muda, safari hii hayana sauti kabisa, viganja vinagusana tu. Kila mmoja salamu yake nzima. Hakuna aliyeifupisha. Na yule binti, kila aliposalimiwa, ilibidi aitikie, na kila alipoitikia alirudi kidogo kutoka kule alikokuwa amekwenda. Nimekaa nao mpaka kunakucha nikitazama kazi ile. Kuna dawa nimechoma maishani zilizofanya kidogo kuliko zile salamu.

Halafu bibi mmoja, mjane, yeye ndiye huwa anatutandikia jamvi chini ya mwembe, akanigeukia mimi. Akanisalimia. Nikaitikia kwa Kiha changu kibovu. Akashika mikono yangu yote miwili, akaanza kuniombea. Mimi! Niliyekuja na boksi la dawa. Aliomba kwa Kiha, sikuelewa zaidi ya neno moja, Imana, na jina langu, akilitamka kwa namna ya kwao, akilirudia. Imana, halafu mimi. Imana, halafu mimi. Hakukuwa na mkalimani na sikumhitaji. Nililia kwa mara ya kwanza tangu nifike mkoa wa Kigoma, nikilia kwa ajili ya mtoto yule na mama yake, na kwa ajili ya kwetu, na kwa uchovu.

Sitawaambia asubuhi yake mbingu zilifunguka. Nilirudi mjini nimelowa, nikalala saa 11 mfululizo, nikaamka na njaa, nikala ugali wa muhogo na migebuka ya mawese mpaka shemeji wa jirani akashangaa. Ukavu haukuondoka wiki ile wala mwezi ule. Ila kuna kitu kilihama mahali. Kwa miezi minane nilikuwa nakwenda Kagerankanda kama bomba, la juu linaingia kwangu, la chini linatoka kwa watu, na juu palipokauka nikadhani kila kitu kimekwisha. Sikuwa nimefikiria kwamba maji yanaweza kutokea upande wa pili, kwa bibi asiyejua kusoma, kwa lugha nisiyoijua, kwa jina la Mungu ambalo si Kyala wa bibi yangu mzaa mama na bado ni yeye.

Nikaanza kuomba kwa maneno machache. Wakati mwingine lile moja tu la bibi. Nikaanza pia kujifunza Kiha kwa mtu badala ya kwenye daftari, yaani kwa yule bibi, nusu saa kabla ya kliniki, ananisahihisha bila huruma na kunicheka na safari hii najua wanachocheka.

Hadithi ya Kinuka nayo nimeirudia kichwani mara nyingi tangu hapo, na ugomvi wangu nayo umepungua, haujaisha. Kilichonishika sasa si lile jibu la Nsibambi, ni kwamba aliuliza kwanza. Alimwuliza mhudumu wa hospitali habari za kazini, akamwacha aseme yote mpaka mwisho, Mganda akimsikiliza Mhima. Neno gumu lilikuja baadaye, kutoka kwa mtu aliyekwisha kusikiliza. Yule kiongozi wa maombi hakumwuliza mwenzangu hata kama amekula. Na mzee wangu wa presha, nikifikiri vizuri, alinitazama miezi kadhaa kutoka kwenye benchi kabla hajafungua mdomo. Alipoona hivyo, kwamba nahudumu kama mtu anayelipa deni, aliona sawa. Deni lenyewe nilikuwa namlipa nani? Hilo bado naliomba.

Kwa hiyo dada yangu uliyeniuliza, umefanya alichofanya Nsibambi, na sasa zamu yangu kukuuliza wewe. Uko wapi? Unalala saa ngapi? Damu yako ni ngapi? Nani anakuombea wewe, na je, ni mtu wa pale ulipo, au wote wanaokuombea wako nyumbani ulikotoka? Niandikie, hata usiku, siku za zamu huwa macho.

Barua bado iko kwenye droo. Mama miguu inamsumbua kweli, na mwakani huenda nikaipeleka, sijui. Nimemwambia na bibi wa Kagerankanda, akasema niende nikamtunze mama, wao wapo. Jumamosi hii lakini tunakwenda. Bibi ameagiza chumvi, sabuni ya kipande, na betri za redio zile kubwa mbili, na amesisitiza nisimletee zile za bei rahisi za mwezi uliopita maana hazikumaliza hata kipindi kimoja cha kwaya.

Sehemu ya 7 nitaandika kuhusu mama mmoja wa Kikongo na ndoo ya leba. Zamu yangu inaanza saa mbili usiku, ngoja nikapige pasi sare.